Anayeingia Kwanza Asubuhi

Mimi ni mjane ambaye hakurithiwa. Nalitaja hilo kabla ya mengine kwa sababu huku kwetu, kuanzia Usenge hadi Kisumu, ndilo jambo ambalo watu huulizana juu yangu nikishapita. Mume wangu alifariki Julai 2011. Mwezi wa Oktoba mwaka uleule, matanga yakiwa yameisha na jamaa wamerudi kwenye biashara zao, shemeji zangu walimleta mwanamume wa kunirithi. Nilimkaribisha chai, nikamshukuru kwa safari, nikamweleza kwamba nimeamua kuishi peke yangu. Chai aliinywa yote. Tangu siku hiyo mimi ni kile ambacho Wajaluo hukiita chi liel, mke wa kaburi, mwanamke ambaye hajaondolewa unajisi wa kifo kwa kulala na mwanamume wa ukoo. Kwa wanaoshika mila sawasawa, mwanamke wa namna hiyo haingii nyumba ya mtu, hampikii mtu chakula, wala hambebi mtoto wa mtu, maana anaweza kuwaletea chira, ule ugonjwa wa kukonda usiokuwa na dawa.

Paa langu lilipoanza kuvuja, mafundi wa kijijini walikuwa na shughuli nyingi kila nilipowaendea. Nikamwita fundi kutoka Vihiga, kwa Waluhya. Alipanda juu, akapigilia misumari kutwa, akashuka, akala samaki niliyempikia. Yuko hai mpaka leo na amenizidi uzito.

Niliuza omena, wale dagaa wa ziwani, ufuoni Usenge, nikasomesha watoto, na walipomaliza nikajisomesha mwenyewe. Mtihani wa kidato cha nne niliufanya Novemba 2017, nikiwa na miaka arobaini na mitatu, dawati moja na msichana ambaye angeweza kuwa kitinda mimba wangu. Mwaka wa 2019 nilisomea uhudumu wa wazee na wagonjwa mjini Kisumu, na Januari 2020 nikaajiriwa katika makao ya wazee yaliyo nje kidogo ya mji, mahali ambapo ziwa huonekana kupitia madirisha ya jikoni. Ni kazi ninayoimudu. Najua kumgeuza mtu mzito kitandani bila kumwumiza na bila kujivunja mgongo. Najua kumwosha mzee wa kiume aliyewahi kuwa mkubwa wa watu, na akabaki mkubwa wa watu nikishamaliza. Sisemi haya kwa majivuno. Nayasema kwa sababu Februari 2023 nilikaribia kunyang'anywa kazi hiyo.

Mwenzangu wa zamu alikuwa mwanamke Mwislamu, mzaliwa wa mjini, ambaye babu yake mmoja alitoka pwani na mwingine hakuwahi kuvuka Maseno. Kiswahili chake kimenyooka kuliko changu, na Kijaluo chake ni kile cha soko la Kibuye, cha haraka na chenye meno. Aliniita Kalenda, kwa kuwa sisahau tarehe. Alipotaka kunichokoza alikuwa akiniuliza mbele ya wageni, "Kalenda, yule kuku tuliyemla mwaka juzi alikuwa wa siku gani?" Nami nilimjibu, kwa kuwa nilijua.

Jumatatu, tarehe 6 Februari, tuliletewa mama mmoja wa Uyoma. Kiharusi kilikuwa kimeudhoofisha upande wake wa kushoto na kuyakwaruza maneno yake, hata mtu ilimbidi ainame ili amsikie. Lugha yake ilikuwa Kijaluo peke yake. Wote tulimwita Dani, yaani nyanya, kama desturi. Asubuhi ile ya kwanza, nikiwa namfuta uso, aliniuliza mimi ni binti wa wapi. Nikamwambia, nyar Sakwa, binti wa Sakwa. Akauliza nimeolewa na nani. Nikamwambia niliolewa Usenge, na kwamba mume wangu alifariki Julai 2011. Hakuuliza zaidi. Alifumba macho, nami nikadhani amechoka.

Nilimhudumia juma lile lote. Jumapili akaja mwanawe wa mwisho, mfanyabiashara wa nguo za mitumba Kibuye, mtu mpole, amebeba chupa ya uji aliyopewa na mkewe. Mkewe huyo ni wa Usenge, ambako habari zangu zinajulikana. Aliponiona alinisalimia kwa mikono miwili, akakaa na mama yake kidogo, kisha akaenda kwa meneja na mlango ukafungwa.

Siku iliyofuata meneja aliniita. Ni mwanamke kijana kutoka Kisii, muuguzi kwa taaluma, mwenye roho nzuri. Mwezi mmoja kabla alikuwa amehudhuria semina ya usawa, utofauti na ujumuishi katika kazi ya uhudumu, na alirudi kutoka huko akiwa na hamu ya kufanya yaliyo sawa.

"Mama," aliniambia, "familia ya Dani ina ombi la kiutamaduni. Nimelazimika kuliheshimu."

"Ombi gani?"

Aliipanga kalamu mezani, akaipanga tena. "Wanasema mama yao hapaswi kuhudumiwa na mjane ambaye hajatakaswa. Si mimi ninayesema."

"Nimekusikia. Endelea."

"Kwa hiyo nimekuhamishia chumba cha kufulia. Ni kwa muda tu. Tumefundishwa kuheshimu utamaduni wa mteja."

Nilimwambia kwamba utamaduni huo ni wangu pia, kwamba nilizaliwa ndani yake kabla yeye hajazaliwa popote. Akasema anajua, na kwamba ndiyo maana anatumaini nitaelewa. Nilitoka bila kupaza sauti. Nilielewa vizuri kabisa. Wazee wetu wengi ni wa mwambao huu huu wa ziwa, na wana watoto wanaokuja Jumapili. Nikiondolewa kwa Dani leo, kesho nitaondolewa kwa mwingine, na baada ya mwaka mmoja cheti changu kitakuwa cha kufua shuka.

Basi nikafua shuka. Nilizifua kama ninavyofanya kila kitu. Nilizisuuza mara mbili, nikazianika juani upande ambao moshi wa jikoni haufiki, nikazipiga pasi hadi pembeni. Ilipofika Ijumaa, mwenzangu alikuja kuchukua za vyumba vyetu, akasimama mlangoni akiwa amezikumbatia.

"Hebu nisaidie kuelewa mila zenu," alisema. "Mkono wako hauruhusiwi kugusa mguu wa Dani."

"Hauruhusiwi."

"Lakini mkono huo huo umeshika shuka anayolalia. Na gauni lake. Na foronya anayolazia shavu."

Nilimwangalia. Hilo halikuwa limenijia, pengine kwa sababu ya hasira. Mtu aliyekulia kwetu asingenipeleka chumba cha kufulia kwa sababu ile. Kwa wanaoogopa, nguo ya mtu ni sehemu ya mtu. Lakini meneja alikulia milimani Kisii, na kwake kufua kulikuwa ni kukaa mbali.

"Unaona, Kalenda," mwenzangu alisema. "Wamekutoa mlangoni wakakuingiza dirishani."

Nilivua aproni, nikaenda kwa meneja nikiwa na mikono yenye maji.

Sikumwomba anirudishe. Nilimwomba jambo moja, kwamba Dani aulizwe. Kwa siku zote alizokaa pale, mazungumzo juu yake yalifanyika kwa Kiswahili na Kiingereza, kati ya meneja na mwanawe, kwenye ofisi ambayo Dani hakuwahi kuingia. Kama ombi lilikuwa lake, nilitaka kulisikia kutoka kinywani mwake, nikiwa nimesimama mbele yake. Kama halikuwa lake, basi tulikuwa tumeheshimu utamaduni wa mgeni wa Jumapili.

Meneja aliishika tena kalamu yake. "Na kama atasema hakutaki?"

"Basi atakuwa amesema yeye."

Tulikutana Jumapili, chumbani kwa Dani, mlango ukiwa wazi. Mimi nilikaa kwenye korido, kiti changu kikiwa nje ya kizingiti, kwa sababu jambo lenyewe lilikuwa halijaamuliwa na sikutaka kuliamua kwa miguu yangu. Meneja hasikii Kijaluo, na mimi nisingeweza kutafsiri kesi yangu mwenyewe, kwa hiyo kazi hiyo ilimwangukia mwenzangu.

"Mwislamu anamtafsiria Mkisii mambo ya kurithi wajane wa Kijaluo," alisema akiketi ukingoni mwa kitanda. "Babu yangu angelipa nauli aje kutazama."

Mwana wa Dani ndiye aliyeanza. Alisema kwa heshima kwamba hana chuki na mama yule aliyekaa pale nje, na kwamba anajua ni mchapakazi. Lakini shangazi zake wako Uyoma, na siku Dani atakapozidiwa watauliza ni nani alikuwa akimshika, na yeye, kitinda mimba, atakosa la kusema mbele ya kaka zake. Nilimwamini. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayeogopa wakubwa wake, na hofu ya namna hiyo naijua.

Mwenzangu akainama, akamweleza Dani yote, kisha akamwambia kwamba hata shuka na nguo zake, juma lile lote, zilikuwa zikifuliwa na yule yule mjane.

Mwana aligeuka. "Sikujua kwamba ndiye anayefua."

Dani akatoa sauti ambayo mwanzoni tulidhani ni kikohozi. Alikuwa akicheka. Alisema maneno machache, akapumzika, akasema mengine, na mwenzangu akayatoa kwa Kiswahili polepole, bila mzaha wowote.

"Anasema alijua. Shuka zilianza kunukia jua siku ile ile nyar Sakwa alipotoweka. Anasema amelala kwenye mikono yake juma zima na hajafa."

"Lakini mama," mwanawe alianza.

Dani aliinua mkono wa kulia, ule wenye nguvu, naye akanyamaza.

"Anasema alijua hata kabla ya hapo, tangu siku ya kwanza. Mwanamke anayetaja kifo cha mumewe kwa mwezi na mwaka, halafu asimtaje mwanamume mwingine, huyo hajarithiwa."

Mwenzangu alinitupia jicho kutoka kule ndani. Najua neno alilotaka kusema, na namshukuru kwamba alilimeza.

Kisha Dani akasema jambo ambalo hakuna aliyelitarajia, mimi nikiwa wa kwanza. Alisema anaogopa. Si mikono, kwa sababu mikono yangu ni mizuri na humgeuza bila kumtikisa. Anaogopa asubuhi. Nyumbani kwao aliambiwa tangu utotoni kwamba anayeingia kwanza jua likichomoza ndiye anayeileta siku, na yeye ana wajukuu wadogo ambao siku zao bado ni nyingi. Kila nilipoufungua mlango wake mapema, alifumba macho na kuwaombea mmoja mmoja. Hakuwa na ulimi wa kunieleza, na hakutaka kunivunjia heshima.

Nilikumbuka yale macho yaliyofumbwa.

Meneja aliniangalia. Kila mtu aliniangalia, na ikawa zamu yangu. Nilikuwa nimejiandaa kukataa chochote kilichopungua kurudishwa kikamilifu. Maneno nilikuwa nayo, na yalikuwa makali. Lakini yalikuwa yameandaliwa kwa ajili ya dharau, na aliyekuwa kitandani hakunidharau. Alikuwa mama mwenye hofu yake, aliyeitamka kwa kinywa chake kilichopinda, mbele yangu.

Nikasema kwa Kijaluo, ili yeye asikie kwanza, kwamba asubuhi yake nitamtunzia kama ambavyo ningemtunzia mama yangu mzazi. Mtu mwingine ataingia kabla yangu, nami nitangoja. Kisha nikageukia Kiswahili na meneja. Nikasema kwamba zamu yangu siiachi, na kwamba siku nyingine mfanyakazi yeyote, awe mjane, awe Mwislamu, awe wa kabila lolote, asiondolewe kitandani kwa mgonjwa kabla mgonjwa mwenyewe hajaulizwa kwa lugha anayoisikia.

"Hilo nimelikubali," meneja alisema. Kisha, kwa sauti ya chini, "Nilidhani nimefanya vile walivyotufundisha."

"Ulifanya nusu," nilimwambia. "Na nusu hiyo wengine hawaifanyi."

Mwana wa Dani alipokuwa akiondoka alinikuta kwenye korido na akaniuliza awaambie nini shangazi zake. Nilimwambia awaambie kwamba mama yake amesema mwenyewe, na kwamba wakitaka kubishana naye nauli ya kutoka Uyoma wanaijua.

Hivyo ndivyo ulivyoanza utaratibu wetu. Kila asubuhi mwenzangu aliingia kwanza, akafungua pazia na kusema, "Asalaam aleikum, Dani," naye Dani akajibu salamu hiyo kwa lafudhi ya Uyoma ambayo sijawahi kuisikia msikitini wala kanisani. Mimi nilisimama nje na beseni, taulo begani. Kisha sauti iliyokwaruza ikatoka ndani: "Nyar Sakwa, maji yanapoa." Ndipo nikaingia.

Sitasema kwamba kusimama pale hakukuniuma. Asubuhi nyingine kuliniuma, hasa wafanyakazi wapya walipopita wakaniona na kuanza kunong'onezana. Mpishi wetu aliwahi kuniambia, "Mama, nafikiri na jikoni kwangu uwe unangoja kuitwa." Nikamjibu kwamba nikingoja, sufuria zake ataziosha mwenyewe, na mzaha ule haukurudi. Lakini asubuhi nyingi nilisimama bila uchungu, kama mtu anavyobisha hodi. Kumbishia hodi mwenye nyumba hakujawahi kumpunguza mgeni. Na mchana, nikimnyoosha vidole vya mkono wa kushoto kama mtaalamu wa mazoezi alivyotuelekeza, Dani alinisimulia habari za wanaume wa Uyoma ambazo siwezi kuziandika.

Jambo moja lilimshinda kila mtu. Mtaalamu yule alitaka Dani ajifunze kujiendesha kwenye kiti cha magurudumu, kwa mkono wa kulia na mguu wa kulia. Dani alikataa. Alisema hajawahi kuendesha hata baiskeli, na kwamba mtu akishapewa kiti cha kwendea, watoto wake huacha kumtembelea kwa kudhani atakuja mwenyewe. Machi ikaisha kiti kikiwa kimesimama kando ya kabati, shali yake ikining'inia juu yake.

Idi ilipofika mwezi wa Aprili, mwenzangu alichukua mapumziko yake. Alituaga jana yake, akatuahidi pilau, na hakuna aliyezungumzia mlango. Mimi nililifikiria jambo hilo njiani asubuhi ile. Niliamua kumwomba mpishi aingie kwanza, afungue pazia, atoke. Ni jambo la kufumba na kufumbua. Lakini nilijua pia kwamba nitakuwa nikiomba, na kwamba siku ya kumwomba mpishi, baadaye mtunza bustani, baadaye mlinzi, zamu yangu itakuwa mikononi mwa kila anayepita.

Nilipotokea kwenye korido nikiwa na beseni, nilimkuta Dani nje ya mlango wake.

Alikuwa amekaa kwenye kile kiti, shali mabegani, kitambaa kipya kichwani, jua la asubuhi likimpiga usoni. Mhudumu wa usiku alikuwa akivaa koti lake aende. "Usiniulize," aliniambia. "Ameniamrisha nimkalishe kabla jua halijatoka na nimweke huku. Nikamwuliza kwa nini, akaniambia nenda ulale."

Alipoondoka, tulibaki wawili.

"Nikamwite mpishi, Dani?"

"Mpishi ana uji wake."

Akashika gurudumu kwa mkono wa kulia, akausukuma mguu wa kulia sakafuni. Kiti kikaenda upande, kikagonga mwimo wa mlango. Nilitua beseni chini na kunyoosha mikono.

"Usiguse," alisema. "Ukinisukuma tutaingia pamoja, na hapo nitamwambia nani aingie?"

Nikairudisha mikono. Alirudi nyuma kidogo, akajipanga upya, akagonga tena, akamtukana aliyetengeneza kile kiti na kizazi chake. Mara ya tatu gurudumu likapanda kizingiti, likakivuka, naye akawa ndani. Nilimsikia akihema. Nilimwona akipambana na gurudumu hadi kiti kikageuka na akawa ananitazama, amelipa dirisha mgongo, pazia bado limefungwa nyuma yake.

"Nani ameingia kwanza leo?" aliniuliza.

"Ni wewe, Dani."

"Chumba ni cha nani?"

"Ni chako."

"Basi siku ni yangu." Akavuta shali iliyokuwa ikianguka. "Nyar Sakwa, maji yanapoa."

Nikaokota beseni na kuingia.

Mwenzangu alirudi siku ya tatu na bakuli la pilau lililofunikwa. Alipofika mlangoni kutusalimia, tulikuwa tumeshaanza: Dani kwenye kiti chake, pazia wazi, mimi nimepiga magoti nikimfuta miguu. Alitazama gurudumu, akatazama alama za rangi zilizobanduka kwenye mwimo, akanitazama mimi.

"Idi moja tu," alisema, "na kazi yangu imechukuliwa."

"Hujafukuzwa," Dani alimwambia. "Umekuwa mgeni. Wageni huleta chakula. Funua tuone."

Mwenzangu akafunua bakuli. Nami nikauhamia mguu wa kushoto, ule usiokuwa na nguvu, ambao siku zote huhitaji kukaushwa vizuri katikati ya vidole.